Tundu la Ubavuni

Skolastika alimwosha mumewe kwa mikono yake mwenyewe, na kidole chake kikaingia katika tundu la risasi chini ya ubavu wa kushoto. Kwa hiyo alipoona kibali cha mazishi kimeandikwa "kuzama majini", alirudi moja kwa moja kwenye ofisi ya serikali iliyokitoa, kanga bado imelowa.

Neno hilo lingemnyima mumewe, Gervasi, kaburi la kwao. Kwa watu wake wa Kidahwe, aliyekufa maji hazikwi nyumbani. Huzikwa ufukweni alikotolewa, ili ziwa lisimfuate na kudai wengine. Wazee wa ukoo walishasema kwa simu kwamba wao watafuata karatasi ya serikali. Na Gervasi alikuwa na mahali pake, nyuma ya migomba, kando ya mtoto wao wa kwanza.

Afisa, kijana mstaarabu aliyehamishiwa Kigoma kutoka Dodoma, alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Akamweleza taratibu kwamba mtumbwi wa Gervasi ulikuwa karibu na mpaka, kule ng'ambo wanapigana, na akiandika risasi wakubwa watauliza ni ya nani. Wakishajibu, watakuwa wamelaumu upande mmoja wa vita. Dirishani nyuma yake vibarua walipakia melini mizigo ya kwenda ng'ambo, ya upande huu wa vita na ya upande ule.

"Mama, nchi yetu haina upande katika vita hii."

"Mimi sikuuliza upande, mwanangu. Nauliza lile tundu."

Kijana aliinamisha macho. Aibu alikuwa nayo, tusimsingizie, ila haikufika kwenye kalamu. Alisema hilo lilikuwa juu ya uwezo wake, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Skolastika alimchukia zaidi kwa heshima hizo.

Walimzika Katonga, ufukweni alikotolewa, pembeni ya vichanja vya dagaa. Shemeji yake Elikana alikuwa hajachimba hata kufika kiunoni maji yakaanza kuingia kaburini. Waliyachota kwa ndoo, yakarudi. Mwishowe katekista akasema basi, jua linazama.

Walipoteremsha jeneza, likaelea. Elikana na mwenzake wakashuka, wakapanda juu ya kifuniko na kukikanyaga, huku wengine wakirusha mchanga upesi, mpaka Gervasi akazama.

Skolastika alikuwa bado ameshika kibali. Sasa kilisema kweli.