Nyayo Nne Zilizosema Pu

Karakana yetu inatengeneza nyayo za miguu ya bandia. Ni vibao vyeusi, nyuzi za kaboni zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi, vyepesi kiasi kwamba mwanangu wa miaka minne anabeba vitatu kwa mpigo. Mjomba wangu, kaka yake mama, hutoboa matundu ya boliti. Mimi nakagua. Ni yeye aliyenipeleka pale, na miaka miwili niliyosoma masomo ya jioni ni yeye aliyebaki na mtoto, akamlisha, akamwogesha, akamlaza, bila kunung'unika hata siku moja.

Asubuhi ile nilikuta mezani nyayo kumi na mbili alizotoboa jana yake. Kwa macho, safi. Nikapitisha ukucha kwenye kingo za matundu, upande drili inakotokea, maana huko ndiko ubaya hujificha. Drili butu haikati, inasukuma, na tabaka la mwisho hubanduka kama ganda la kitunguu. Sikugusa hata uzi mmoja uliochomoza. Nikachukua sarafu yangu ya kugongea. Kibao kizima hujibu "ti". Kilichoachana ndani hujibu "pu", kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nane zilisema ti. Nne zilisema pu.

Nikaziinamisha kwenye taa. Kuzunguka matundu palikuwa pamezidi kung'aa. Mtu alikuwa amepitisha msasa mwembamba, akapaka gundi juu. Na msasa ule, karakana nzima, ulikuwa na mtu mmoja.

Nikamfuata mjomba. Drili ilikuwa inalia hadi meno yanasisimka. Fundi rangi alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

"Mjomba wako siku hizi ana maringo," akaniambia. "Salamu yake mpaka upeleke barua yenye muhuri!"

"Labda amechoka."

"Amechoshwa na nani? Sisi hata hatujaanza kumchosha."

Drili ikianza kulia, usiibembeleze, ibadilishe: ndivyo mjomba mwenyewe alivyonifundisha siku yangu ya kwanza. Sasa ilikuwa inalia mkononi mwake, naye uso umetulia kama mtu anayemwagilia maua.

"Mjomba!" nikamwita mgongoni. Nikarudia. Fundi rangi akageuka, yeye wapi. Nikazunguka nikasimama mbele yake, akazima mashine.

"Shusha barakoa, mama. Sipendi kuongea na kitambaa."

Wiki kadhaa alikuwa akituambia hivyo, tukicheka. Safari hii sikushusha. "Hii drili umeibadilisha lini?" nikamwuliza.

Akaniangalia macho, akaangalia kitambaa. "Eeh, nimeshakunywa chai, asante."

Nikashusha barakoa. "Tangu lini, mjomba?"

Alielewa ninauliza nini. "Tangu mvua zilizopita. Sikio la kulia lilitangulia, la kushoto likaona aibu kubaki peke yake." Akajaribu kucheka. "Nilikuwa nahesabu matundu. Yakifika arobaini, nabadilisha. Jana nikapoteza hesabu. Kwani hata sasa inalia?"

"Inalia."

Akaketi kwenye kigoda chake.

"Na msasa, mjomba?"

"Nilipoona tabaka limebanduka, mikono ikafanya kabla sijafikiri. Nne tu, mpwa wangu. Umegonga wewe, umesikia wewe. Nyamaza wewe."

Nilitaka kunyamaza. Nilimwona akiwa na mwanangu begani, mimi nikirudi na madaftari. Kisha nikamwona mama mwingine, mwenye mguu wetu, anashuka ngazi na mtoto mgongoni. Tundu linashika boliti, boliti inambeba mama, mama anambeba mtoto.

"Siwezi, mjomba."

Nikachora msalaba mwekundu kwenye nyayo zote nne. Kwenye fomu, penye neno "Sababu", nikaandika: drili butu. Kalamu ikagoma hapo. Drili butu hubadilishwa, na kesho ingelia tena mbele ya mtu yuleyule.

Mjomba akanyoosha mkono. "Lete." Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: MTOBOAJI HASIKII. AMEFICHA KWA MSASA. Akaipeleka mwenyewe kwa msimamizi.

Nikawahi kusema kabla hajaulizwa, kwamba tunaweza kutundika ubao wa kuhesabia matundu, kwamba nitamhesabia mimi. Msimamizi alisoma karatasi mara mbili, akashusha barakoa yake ili mjomba amwone mdomo.

"Kutosikia tungekuvumilia, mzee. Huu msasa je?"

Mjomba alirudi kwenye mashine, akaifungua drili, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado ya moto.

"Ilikuwa inalia sana?"

"Sana, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole, akavua aproni.

Jioni tuliporudi nyumbani, mwanangu alitoka mbio, akimwita mjomba kwa nyuma, "Babu! Babu!" Mjomba aliendelea kunawa mikono kwenye beseni, vumbi jeusi likizunguka majini. Mtoto akanitazama, midomo inaanza kutetemeka.

"Zunguka mbele, mwanangu," nikamwambia. "Zunguka, akuone."