Mapipa ya Sulay, Visheti vya Nuzha

Hapana mtu Jidda nzima anayenusa uongo kama mimi. Nimeolewa na waongo watatu, na kila mmoja nilimwamini mpaka siku ya talaka. Lakini hayo tuyaache.

Mjukuu wangu Amal anakaa Riyadh, Al-Sulay, nyuma ya bohari ya mapipa. Majuzi mapipa yalipasuka, moshi wa manjano ukaingia mtaa mzima. Tangu hapo watu macho mekundu, watoto ngozi zinawabambuka, na Amal wangu kifua kinalia kama birika. Daktari kasema, "Nitajieni kilichomwagika, nijue nimtibu vipi." Wenye bohari wamefunga midomo.

Nikafunga safari kutoka Nuzha, Jidda, na kopo la visheti mkononi. Si vyangu. Jirani yangu wa juu alipata wageni, nikawapelekea sahani ya biriani; na sisi watu wa Unguja hatumrudishii mtu sahani tupu, ikarudi na visheti.

Hata sijapumzika, akaja Ghalib, msimamizi wa bohari, Mzanzibari mwenzetu. Eti kumjulia hali mgonjwa. Hakujua mimi nakaa mtaa gani.

"Ilikuwa sabuni tu, bibi. Kifua hiki ni cha udi. Mnafukiza mno."

"Nafukiziwa udi tangu sijaota meno, na sasa yameng'oka yote. Mbona kifua changu kizima? Na sabuni gani hiyo inayobambua watoto?"

"Wallahi salama! Mimi nyumba yangu ukuta kwa ukuta na bohari. Mke wangu na wanangu hawajatoka hata siku moja."

"Wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Asubuhi hii mke wangu kanipikia chai."

"Basi kwangu unywe kahawa, baba."

Nikamfungulia kopo. Amal akakohoa chumbani, kikohozi cha kukata pumzi. Ghalib akatazama zulia. Akala kimoja, akatia cha pili mdomoni, uso ukamkunjuka.

"Visheti hivi, bibi! Namjua mmoja tu anayetia arki na hiliki namna hii. Wahida, mke wangu."

"Ndiye. Kavikaanga Nuzha kwa mamake, ghorofa ya juu yangu. Alifika na watoto wote, siku ya pili ya mapipa. Wanakusalimu."

Taya likasimama.

"Meza kwanza, mwanangu," nikamwambia, nikimsogezea maji. "Halafu unitajie hiyo sabuni inaitwaje."