Vifuniko Vyeupe

Kwenye mlango wa friji yetu pana karatasi yenye milo ya mwezi mzima, kuanzia uji wa shayiri wa Jumatatu asubuhi mpaka kuku wa kuoka wa Jumapili baada ya kanisa. Naiandika mwenyewe kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, mtu aweze kuisoma hata akiwa mlangoni. Na kila siku, saa kumi na moja jioni, mume wangu Dwight huingia, akavua viatu vyake vya kazi, akasimama mbele ya karatasi hiyo hiyo na kuniuliza, "Leo tunakula nini?"

"Macho unayo," namjibu. "Ratiba ile pale."

Miaka kumi na minne ya ndoa, swali lile lile, jibu lile lile. Nilidhani ni uvivu tu.

Dwight anatengeneza mitambo ya kupasha nyumba joto, na hapa Nebraska fundi wa aina hiyo hakai bure. Kazi yangu mimi ni watoto watatu, ambao nawasomesha nyumbani: Naomi wa miaka kumi na mitatu, Tirzah wa tisa, na Silas wa minne, ambaye masomo yake kwa sasa ni kupanga vijiko. Shule ni meza ya jikoni, na inaanza saa mbili kamili. Wao wakisoma mimi napika. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunapika milo ishirini kwa mpigo mmoja, tunaigandisha kwenye friza kubwa iliyo chumba cha chini, na siku ya kula inakuwa ni kutoa na kupasha tu. Watoto wawili wakubwa kila mmoja ana siku yake ya kupika. Ya Tirzah ni Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku anayokuja mama mkwe vilevile.

Anaitwa Verla. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja katika shule ya mji wetu, na nusu ya watu wazima wa hapa walijifunza kuandika majina yao mbele yake. Tulipomwambia kwamba wajukuu wake hawatakwenda shule, hakunisemesha tangu Pasaka mpaka Sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa Novemba. Kisha akaja na pai ya maboga, akaketi, akauliza, "Wanasoma?" Ikawa ndiyo salamu yake. Miaka saba, kila Alhamisi, kabla hata ya kuvua koti: wanasoma?

Mwaka juzi aliniuliza kwa simu, siku ambayo hata haikuwa Alhamisi, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Mama, siku mtoto wangu mmoja akishindwa kusoma, nitampandisha basi la njano la shule mimi mwenyewe, tena na chakula chake mkononi." Nilisema kwa sauti kubwa, jikoni, na nikajiona nimemkomesha. Tirzah alikuwa mezani anachambua maharage.

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kichwa chenyewe huenda kikawa cha mwanao.

Tirzah alikuwa akisoma vizuri. Kila asubuhi alifungua kitabu chake akasoma ukurasa mzima bila kukwama, huku mimi nimempa mgongo nakanda unga. Akikosea neno, nilimsahihisha bila kugeuka. Nilijivunia sana jambo hilo. Niliwaambia akina mama wenzangu wanaosomesha nyumbani kwamba mtu mwenye mpangilio anaweza kukanda na kufundisha kwa wakati mmoja, na walivyonitazama kwa wivu nikaona raha. Masikio yangu yalikuwa shuleni, macho yangu yalikuwa kwenye unga.

Na jikoni alimshinda dada yake. Ukimtuma kwenye friza hakosei. Makopo yetu ya plastiki yalikuwa na vifuniko vya rangi: chekundu kwa chili, cha buluu kwa supu ya kuku na tambi, cha kijani kwa nyama na viazi, cha njano kwa matunda ya pai. Lakini baridi hupasua plastiki, na mwezi wa Novemba nikavitupa vyote, nikanunua vipya, vyote vyeupe, vinalingana kama sare za jeshi. Nikaandika juu ya kila kimoja kilichomo. Nilivipanga kwenye friza nikaita familia yangu yote ije kutazama.

"Vile vya rangi umeweka wapi?" Tirzah akauliza.

"Nimetupa."

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu. Vilipasuka."

Alisimama pale akavitazama vile vyeupe kwa muda mrefu. Nilidhani amependezwa.

Alhamisi iliyofuata ratiba ilisema chili na mikate ya mdalasini. Ndivyo tunavyokula huku: mchuzi mkali wa nyama ya kusaga na nyanya, na pembeni mkate wa kuviringisha wenye mdalasini na sukari juu. Watu wa majimbo mengine hutucheka, shauri yao. Saa sita mchana Tirzah akashuka chini, akarudi na kopo, akalimimina kwenye chungu cha umeme: bonge jekundu lililojaa barafu. Akaongeza maharage ya makopo mawili, kitunguu, chumvi na pilipili, akafunika. Sheria ya nyumba hii ni kwamba chungu hicho hakifunuliwi mpaka watu wamekaa mezani, maana ukifunua joto linatoka na chakula kinachelewa. Niliwahi kumpiga Dwight vidole kwa mwiko kwa kosa hilo. Baada ya hapo Tirzah akaoka mikate yake, na nyumba nzima ikanukia mdalasini na sukari hata ungechoma matairi usingejua.

Verla akaingia na baridi yake. "Wanasoma?"

"Wanasoma, Mama. Kaa."

Dwight aliporudi kazini tukakaa, tukasali. Nikafunua chungu, nikapakua. Rangi ilikuwa yenyewe, ila mchuzi mwepesi kidogo. Mama mkwe, kwa kuwa ni mgeni, ndiye wa kwanza kuonja. Alitia kijiko mdomoni, akafunga mdomo, akameza, akaweka kijiko chini.

"Pai ina maharage," akasema Silas.

Nikaonja. Ilikuwa stroberi za kuponda, sukari, kitunguu, pilipili na maharage. Nikatema kwenye kitambaa nikaanza kucheka, na ningepaswa kuona kwamba Naomi hacheki.

"We Tirzah," nikasema, "ulikuwa unaota? Hebu lete kile kifuniko."

Akakileta kutoka kwenye sinki.

"Hapo pameandikwaje?"

Alikitazama. Kisha akamtazama Naomi, na Naomi akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza, nimemuuliza yeye."

"Chili," akasema Tirzah.

Kifuniko kilikuwa kimeandikwa STROBERI ZA PAI, kwa mkono wangu, herufi kubwa.

"Soma tena."

"Chili." Safari hii kwa sauti ndogo.

Kicheko kilinikauka. Niliinuka nikachukua kitabu chake cha kusomea, nikafungua ukurasa wa asubuhi ile. Akausoma wote kama maji. Nikafungua mbele, ukurasa ambao hatujafika. Akanirudishia kitabu.

"Huo Naomi hajanisomea," akasema.

Naomi akaanza kulia. "Ananiomba, Mama. Jioni tukishaoga namsomea mara tatu, anashika. Anashika haraka mno, hata mimi siwezi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Ningependa kusema kwamba nilishikwa na huruma. Nilishikwa na hasira kwanza. Niliwakasirikia wote wawili, halafu nikamkasirikia Verla kwa sababu alikuwa amekaa pale akiona kila kitu, na mwisho kabisa hasira ikafika ilikopaswa kwenda, ikakaa.

"Kwa nini hukuniambia, Tirzah?"

Yeye hakulia. Alikuwa anafuta kile kifuniko kwa aproni yake, polepole, mpaka kikawa kikavu kama kipya.

"Basi linapita saa ngapi?" akauliza.

"Basi gani?"

"La njano. Ulimwambia Bibi kwenye simu. Nataka kujua niwe naamka saa ngapi."

Miaka miwili mtoto huyu alikuwa amebeba basi zima kifuani, akinipikia, akinisomea mgongoni, na mimi nikimsahihisha neno mojamoja kana kwamba nafanya kazi. Nilimtazama mama mkwe. Hii ndiyo siku aliyoingojea miaka saba. Angesema "nilikwambia", ningekuwa nimestahili.

Verla akachukua kijiko chake, akala tena ule uchafu, kisha akamwelekezea Dwight kijiko hicho hicho.

"Huyu," akasema, "nilimfundisha mwenyewe. Dawati la mbele. Alikuwa anasoma kwa sauti nzuri kuliko darasa zima, na mimi naandika ubaoni, nimempa mgongo. Mpaka darasa la nne ndipo mwalimu mwingine akagundua. Kumbe dada yake alikuwa anamkaririsha kwenye basi la kurudi nyumbani, mimi nimebaki nasahihisha madaftari ya watoto wa watu."

Dwight hakuacha kula. "Dada alikuwa anachukua biskuti zangu kwa kazi hiyo," akasema. "Naomi anachukua nini?"

"Sichukui kitu," akasema Naomi.

"Mjinga wewe."

Tirzah akacheka kidogo, puani.

"Na hamkuniambia?" nikawauliza wote wawili, mama na mwana.

Dwight akakuna shingo. "Niliona aibu. Siku hizi nasoma, lakini nikichoka herufi zinanichezea."

"Na mimi kila nikiuliza kama wanasoma, unanirukia," akasema Verla. "Sikuwa naogopa ufundishaji wako, binti yangu. Nilikuwa naogopa damu yetu. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumsema mwanangu, na kujisema mimi."

Nikamgeukia Tirzah. "Hakuna basi. Niliyasema yale kwa hasira ya kumkomoa Bibi yako, na yalikuwa maneno ya kipuuzi. Umenisikia?"

"Kwa hiyo nisiamke?"

"Utaamka." Nikavuta pumzi. Maneno yaliyofuata yalitoka kama jino linalong'olewa. "Mama, ungeweza kuja Jumatatu asubuhi?"

"Kufanya nini?"

"Kukaa mbele yake. Umtazame usoni akisoma."

"Na wewe ukande unga?"

"Mimi nitakaa pia. Nataka kuona unavyofanya."

Akajipangusa mdomo. "Saa moja na nusu," akasema. "Saa mbili ni kuchelewa."

Dwight alimaliza bakuli lake. Sisi wengine tulikula mikate.

Jumatatu Verla alifika na sinia la mchanga, akamwonyesha Tirzah kuandika herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine, huku akiitamka. Alinifundisha mimi pia: usisikilize mdomo, tazama macho yanakwenda wapi. Tirzah alisoma maneno sita. Mawili alikosea, na hakuna aliyemsomea jana yake. Unga haukukandwa. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliagiza mkate dukani.

Saa kumi na moja jioni Dwight akaingia, akavua viatu, akasimama mbele ya friji. Nilikuwa napika, lakini nikageuka nikamtazama. Macho yake yalianza juu ya karatasi, yakashuka, yakapotea, yakarudi juu, yakaacha.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

Jibu lilikuwa tayari ulimini, lina umri wa miaka kumi na minne. Nikalimeza.

"Tambi na nyama ya kusaga," nikamwambia. "Na mkate wa dukani."