Kichwa Kisicho na Msiba

Esta ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anamfumua Tabitha rasta kwenye saluni yake pale Nyamisangura, mjini Tarime, wakicheka habari za mtaa, mara mikono yake ikasimama.

"Mama Boke," alisema, "nani amekunyoa huku nyuma?"

Hakuna aliyemnyoa. Tabitha alipeleka kidole nyuma ya sikio, akagusa ngozi tupu na laini. Haikuwasha wala haikuuma.

Tabitha alikuwa fundi cherehani. Mume wake, Nashoni, alichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo huko Nyakunguru, na nyumbani alirudi mara mojamoja. Tabitha hakumwambia mtu. Alifunga kilemba akaendelea kushona sare za shule. Lakini lile doa lilipata mwenzake, likaja jingine juu ya paji la uso, na kila akiamka alikuta nywele zimebaki kwenye mto.

Mtaani maneno yalianza. Mteja mmoja alisema kuna mtu aliokota nywele zake saluni akazipeleka kwa mganga. Mwingine alinong'ona kwamba huo ni ule ugonjwa, na bora akapime. Wa tatu alimletea dawa ya kupaka iliyonunuliwa mnadani, inayonuka mafuta ya taa. Tabitha aliipaka. Kichwa kikatoka malengelenge, akashindwa hata kukilaza.

Vidonda hivyo ndivyo vilivyompeleka kituo cha afya. Nesi aliyempokea aliitwa Laurensia, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Tarime. Alifunga mlango kwanza, ndipo akamwomba avue kilemba. Alisafisha vidonda taratibu, akaangalia kucha zake na nyusi zake, akamwita daktari. Wakachukua damu, na majibu yote yakatoka salama.

"Haya siyo mapunye," Laurensia alimweleza. "Na hayaambukizi. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwako wewe askari hao wamekosea, wanapigana na mizizi ya nywele."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu, dada yangu. Siyo chakula, siyo uchafu, siyo laana ya mtu."

"Zitaota?"

"Kuna ambao zinaota zenyewe. Kuna ambao zinaota na kudondoka tena. Na kuna ambao hazioti kabisa. Daktari wa ngozi Mwanza anaweza kukuchoma sindano za kichwani, zinasaidia baadhi ya watu. Mimi siwezi kukuahidi. Ila vile vya mnadani acha, vitakuachia makovu."

Tabitha alikwenda Mwanza, akarudi tena na tena. Sindano ziliuma mpaka machozi yakamtoka. Kisha vinyweleo vikaota, vyeupe na laini, naye akawa anasimama mbele ya kioo akivipapasa. Mvua zilipoanza vikadondoka vyote, na nyusi zikaanza kufuata. Vilivyobaki kichwani vilikuwa vishungi vichache vya nywele zake za zamani. Hivyo vilimuumiza kuliko upara wenyewe. Akaamua kunyoa.

Siku hiyo mama mkwe wake, Ghati, alikuwa amekuja kutoka Mbalibali kumsalimia mjukuu wake, Boke. Alimkuta Tabitha uani, kilemba magotini, wembe mkononi.

"Shikamoo, mama."

Ghati hakuitikia. Alikuwa anatazama wembe.

"Unataka kufanya nini?"

"Kunyoa, mama. Zimekwisha. Umeziona mwenyewe."

"Kwetu mwanamke ananyoa kichwa akiwa na msiba. Wewe unamlilia nani?" "Mwanangu yuko chini ya ardhi huko Nyakunguru, anatafuta chakula chenu. Yuko hai. Unataka kumwita kifo?"

Tabitha aliuweka wembe chini. Alitaka kusema habari za askari wa mwili, lakini aliona jinsi mikono ya mama ilivyokamata kanga yake, akaelewa kwamba huyu hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Kila shimo lililobomoka huko machimboni, habari zake zilifika Mbalibali.

"Basi nitamsubiri Nashoni mwenyewe," alisema.

Nashoni aliporudi, Tabitha alivua kilemba mbele yake kwa mara ya kwanza. Nashoni aliweka mzigo wake chini. Kisha akauliza, "Umebeba hili peke yako tangu lini?" Tabitha akalia kama ambavyo hakuwahi kulia kwenye nyumba ile.

Asubuhi Nashoni alimwambia mama yake, ambaye bado alikuwa pale kwao, "Mama, nitamnyoa mimi, nikiwa hai, na wewe ukiniona. Nikitoka hapo naenda kula."

Akamnyoa. Ghati aligeuka akatazama ukuta mpaka wembe ulipomaliza, akafunga mzigo wake akaondoka bila kunywa chai.

Msiba ulikuja baadaye, lakini kwa upande mwingine. Mdogo wake Ghati alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na wanawake wa ukoo, Ghati akiwa mmoja wao, wakanyolewa. Tabitha alikaa kati yao kule Mbalibali, akapika, akachota maji, na kwa siku zile hakuna aliyekishangaa kichwa chake.

Wakati wa mavuno alikwenda kumwona mama tena. Wale wanawake wengine nywele zilikuwa zimeanza kurudi. Za Ghati zilikuwa fupi, za mvi, zimesimama. Walikaa wakipukuchua mahindi. Joto lilikuwa kali, Tabitha akavua kilemba bila kufikiri, halafu akataka kukirudisha.

"Acha," Ghati alisema. "Zangu zimerudi. Nilidhani na zako zitarudi."

"Hazitarudi, mama. Sindano nimeziacha."

Ghati alinyoosha mkono uliojaa vumbi la mahindi, akauweka juu ya kile kichwa, akauacha hapo.

"Inauma?"

"Hapana, mama. Ila asubuhi baridi inanipata."

"Ndiyo," Ghati alisema. "Asubuhi kuna baridi sana." Akavuta hindi jingine, wakaendelea na kazi.