Taa Imechoka

Mpimamaji alivuta pazia jeusi la maabara, akawasha taa ya zambarau, akatia vumbi lake katika mirija ya maji. Lilikuwa vumbi la chembe ndogo kupita kiasi, zinazong'aa rangi ya buluu chini ya taa ile na kuzimika zikikutana na risasi, ile metali yenye sumu. Maji ya mlimani yaling'aa. Maji ya bomba la mtaani kwake, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, yakawa giza totoro.

"Taa hiyo imechoka," alisema mkuu wa maabara, kama kawaida yake, akaagiza nyingine. Kabati lilijaa taa nzima zilizostaafishwa kwa kosa la kusema kweli.

Vumbi nalo lina tabia ya kupenya. Miaka ilivyokwenda liliingia chini ya ngozi ya mpimamaji, akaanza kung'aa mwenyewe, bila taa yoyote. Mumewe alilalamika kidogo, kisha akazoea kulala ameelekea ukutani. Mamamkwe alifurahi, akasogeza kigoda chake na nguo za kushona.

"Bora wewe kuliko umeme, mwanangu," alisema. "Hukatikikatiki."

Jioni moja mpimamaji alimwogesha kitindamimba wake. Wenzake wa rika lile walikuwa wameshaanza shule. Yeye neno alilolitamka sawasawa lilikuwa moja tu, "maji". Alipompakata kumfuta, viganja vyake vilizimika. Akamweka chini, vikawaka. Akampakata tena, mikono ikazimika hadi viwikoni.

"Mbona umezima?" aliuliza mamamkwe. "Silioni tundu la sindano."

"Mtoto ana risasi mwilini, mama."

Bibi alifikiri kidogo. "Basi mshike kwa mkono mmoja."

Habari hazina miguu lakini hufika. Majirani walipanga foleni mlangoni na watoto wao mgongoni, naye akawapakata mmoja mmoja, akazima kwa kila mmoja. Akina mama walimshukuru, kisha wakapitia bombani kuchota maji ya kupikia, maana bomba jingine halikuwapo. Kuchemsha hakukusaidia. Risasi haiogopi moto.

Mpimamaji aliogopa, tena sana. Alimbeba bintiye hadi maabara, akavuta pazia, akamkumbatia mbele ya mkuu wake. Akazima mwili mzima, toka utosini hadi kwenye nyayo. Mkuu, ambaye hunywa maji ya chupa, alilifungua pazia.

"Pole, dada," akasema. "Umechoka."

Akaagiza mpimamaji mwingine.

Siku hizi, jua likizama, nyumba ile huwa giza. Mamamkwe hunung'unika juu ya sindano yake. Mpimamaji angeweza kumweka mtoto chini na kuwaka, lakini hataki, humpakata tu. Na mtoto akisema "maji", mama yake hupapasa gizani hadi kwenye ndoo, akamchotea.