Neno Moja Kati ya Famasi na Wodi

Bi Kimya alivuta kiti cha plastiki, akaketi nyuma ya bega la nesi Cherehani, kalamu mkononi, macho kwenye skrini. Jina la Bi Kimya tulimpa sisi manesi siku ile ile aliyofika. Aliletwa kupima kama mfumo wetu mpya wa kumbukumbu za wagonjwa unatumika kwa urahisi, nasi tulitarajia mtu wa kutuhubiria. Yeye alikaa akatazama. Ukimwuliza ubonyeze wapi, anatabasamu: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Mimi, msimamizi wa wodi, sina subira na wageni wa ofisini. Nilimwona mtu anayelipwa kukaa.

Tena siku hiyo roho yangu ilikuwa nzito. Cherehani, tuliyempachika jina hilo kwa wepesi wa mikono yake, alikuwa anangojwa na kamati ya nidhamu. Katika zamu yake, mwalimu mstaafu wa kitanda cha dirishani alikosa sindano yake ya insulini, sukari ikapanda, akazidiwa karibu atutoke. Alishapata nafuu, lakini kazi ya Cherehani ilikuwa inaning'inia kwenye uzi. Mkuu wa hospitali alikwisha kulitamka neno uzembe.

"Huyu ni mgonjwa wa mfano, si mtu wa kweli," Bi Kimya alimwambia. "Mhudumie kama kawaida, ila sema kwa sauti kila linalokupitia kichwani."

Cherehani alikohoa kidogo. "Nafungua jina lake. Natazama dawa. Ya presha bado, nitampa. Insulini..." Akapita bila kusita. "Hii ameshachomwa."

"Umejuaje?"

"Si imeandikwa hapa, tayari."

Kalamu ya Bi Kimya ilisimama. Aliniomba tu nimwite mfamasia, naye akaja akijifuta mikono, akakalishwa mbele ya skrini ile ile.

"Insulini, tayari," mfamasia alisoma. "Yaani nimeshaiandaa, iko kwenye friji, nesi aje aichukue. Mimi ndiye ninayebonyeza hapo."

"Wewe ndiye unayebonyeza?" Cherehani aliuliza taratibu.

"Sasa nani mwingine?"

Tulitazamana. Kumbe ndivyo. Nyumbani kwangu nikiuliza kama watoto wameoga, nikajibiwa tayari, najua wameshaoga. Nikiuliza maji ya kuoga, nikajibiwa tayari, najua yananingoja. Siku nyingine zote mfamasia alituletea insulini mwenyewe mpaka wodini, kwa hiyo neno halikupata upenyo wa kutudanganya. Siku ile ya mwalimu, mfamasia alibaki peke yake famasi, akabonyeza, akatungoja tuifuate. Nasi tulisoma Kiswahili chetu safi, tukaendelea na kazi.

Nimefanya kazi na madaktari bingwa, mikono yao nimeiona. Sijaona mtu akipasua jipu kwa upole kama mama yule. Hakumnyooshea kidole mtu yeyote, hakujisifu, na hakuna aliyetoka pale ameinamisha kichwa. Nilimpenda papo hapo.

Kwenye kamati, mkuu alimsikiliza Bi Kimya hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mkosaji ni mfamasia?"

"Nimewaona wote wawili kazini, mkuu. Wanafanya kazi vizuri. Andikeni 'imeandaliwa' pale dawa inapoandaliwa, na 'amepewa' pale mgonjwa anapopewa."

"Na waliolichagua hilo neno?"

"Nao wanajua Kiswahili, kama sisi sote."

Mkuu alitaka kukasirika, akaishia kucheka. Akafunga jalada la Cherehani, akalisukuma kando.

Nilimkuta Cherehani kwenye benchi la nje, mikono yake imelala mapajani. Sikuwahi kuiona imetulia hivyo, na iliniuma.

"Mdogo wangu, yamekwisha," nilimwambia. "Huna kesi. Kesho unaingia zamu kama kawaida."

Alinitazama kana kwamba namsimulia habari za mtu mwingine. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa kiganja.

"Sindano ya mwalimu ya mchana huu," akasema. "Nani amempa?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikakumbuka kwamba kwenye skrini neno bado ni lile lile, tayari. Alikuwa ameshasimama. Tulishika njia ya wodini, nikimfuata kwa shida, kwenda kumwuliza mwalimu mwenyewe.