Kitambaa Kwenye Pembe ya Skrini

Ukweni walimwita Mtaalamu, na jina hilo hakulitolea jasho. Siku moja kompyuta ya shemeji yake, kaka wa mkewe, iliganda. Yeye akabana kitufe ikazimika, akangoja kidogo, akaiwasha, ikawaka. Basi, ndiyo hayo tu. Kazini alikuwa karani wa kupanga safari za malori, na huko kompyuta ikimgomea aliwaita watu wa mitambo kama wenzake wote. Ukweni hawakulijua hilo, naye hakuona sababu ya kuwasumbua nalo. Sifa tamu jamani, ukishazionja huzitemi.

Mama mkwe wake alikuwa fundi wa kudarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana. Mezani palikaa cherehani ya kudarizi, pana na nzito, kuukuu lakini inafutwa kila asubuhi. Kando yake kompyuta, nayo ya zamani. Na katikati yao waya mmoja mweusi. Mama alichora nembo kwenye kompyuta, kompyuta ikaipeleka kwa waya, sindano ikaanza kukimbia yenyewe. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wake wote, akiwemo mke wa Mtaalamu. Na msimu huo alikuwa na kazi kubwa: kudarizi nembo ya chuo cha wauguzi kwenye mifuko ya makoti ya wahitimu, rundo zima.

Jumapili moja familia ilikusanyika kwake. Mtaalamu akapita karakana kusalimia vyombo, maana mtaalamu haingii nyumba bila kukagua, akaona pembe ya chini ya skrini imebandikwa kipande cha kitambaa cha buluu. Ukingo wake ulikuwa umepindwa na kushonwa vizuri, kikashikizwa kwa selotepu. Akauliza ni cha nini. Mama mkwe akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo hujitokeza tangazo la kumtaka asasishe kompyuta. Linamwita kutwa nzima, naye hataki mkono wake uteleze ukalibonyeza.

Mtaalamu akacheka mpaka shemeji akaja mlangoni kuona kuna nini. Hapo tena! Penye msikilizaji wa pili, huyu bwana hakosi hotuba.

"Mama, kompyuta isiyosasishwa ni mlango usio na komeo," alisema. Akaendelea na virusi, na wezi wa mitandaoni, na maneno mengine aliyoyaokota kazini pasipo kuyaelewa. Kisha akakibandua kitambaa kwa ukucha, akamtia mama mkononi kama mtu anayempa mwenzake ganda la ndizi akatupe, akabonyeza.

Mama mkwe alifungua mdomo. Halafu akaufunga. Mkwe ni mkwe, hakemewi mbele ya watu, seuze na mama wa mkewe. Alikikunja kile kitambaa, akakitia kwenye kopo la vifungo.

Kompyuta ikahesabu asilimia zake, ikaganda, ikajizima, ikajiwasha, ikaanza kuhesabu upya. Watu wakala, wakaosha vyombo, wakanywa chai, na skrini bado inawaambia wasizime. Kila aliyeuliza aliambiwa subira. Ilipomaliza, alasiri imeshapoa, ikalalamika kwamba haina nafasi, ikauliza kama ifute mafaili ya mfumo wa zamani. Chini yake palikuwa na maandishi ya kuonya kwamba ukifuta hutaweza kurudi nyuma. Mtaalamu hakuyasoma. Angesomaje, na watu wamesimama wanamtazama? Akakubali. "Nimekusafishia, Mama," alisema, na Mama akamshukuru.

Kesho yake mkewe alimpigia simu kazini. Cherehani ya Mama haitikisiki. Mtaalamu akaahidi kupita jioni, na mpaka hapo bado alikuwa anatembea kifua mbele.

Alipofika akachomoa waya, akauchomeka. Akazima, akawasha, ule ufundi wake wote. Kompyuta ikajibu kwamba kifaa hicho haikitambui. Jasho jembamba likaanza kumtoka mgongoni. Akaomba kwenda msalani, akajifungia huko na simu yake, akasoma vilio vya watu wenye cherehani kama ile: wamesasisha, na mfumo mpya umekataa kuongea na mashine ya zamani, na waliotengeneza mashine hiyo walishaacha kuishughulikia. Dawa ilikuwa moja, kurudi kwenye mfumo wa zamani. Akatoka, akatafuta pa kurudi. Hapakuwapo. Alipafuta mwenyewe, kwa mkono wake, huku watu wanamtazama.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake na koti la muuguzi begani. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini Mtaalamu aliona jina lake linavuliwa kama shati sebuleni kwa watu, akashikwa na aibu, na aibu ikamfundisha uongo.

"Ni cherehani, Mama. Mota imechoka. Vitu hivi vina umri wake."

Mama alimtazama. "Una hakika, baba?"

"Nina hakika."

Mama akaisogelea cherehani, akaweka kiganja juu yake. "Basi nimeichosha mwenyewe," alisema. "Niliilaza na kuiamsha bila huruma." Akaketi, akatunga uzi kwenye sindano ya mkono, akaanza koti la kwanza.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa Mtaalamu, na sitamwonea huruma. Mkewe alikuwa akitoka kazini anapitia kwa mama yake kumsaidia kushona, anarudi nyumbani amechoka, anasimulia. Mama ana plasta vidole viwili. Mama anasogeza taa karibu na bado haoni uzi. Wauguzi wamepiga simu kuuliza makoti. Mtaalamu alikuwa anasikiliza huku anakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari, na kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito. Aliona haya mbele ya mkewe, aliona haya mbele ya kioo akinyoa ndevu. Hata malori kazini aliyapanga kombo. Na uongo una tabia hii, kila siku unaolala nao unazidi uzito.

Kisha shemeji akaleta habari. Amepata mtu anayenunua mashine mbovu ili azichinje vipuri. Atakuja na gari Jumamosi. Mama amekubali, amesema kazi ya kudarizi imetosha, akishamaliza makoti haya kwa mkono atapumzika.

Hapo Mtaalamu usingizi ulimpaa. Mashine nzima, isiyo na kosa, inakwenda kuchinjwa, na mwanamke aliyeijua kazi yake anastaafishwa na mkwe aliyeona haya kusema neno moja. Siku ya pili yake akaenda kwa mama mkwe, akasema anataka kuichukua kompyuta akaitoe vumbi, isije ikafa nayo. Mama aliifunga kwa shuka safi, akaifunga fundo juu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mtaalamu akaipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini, akamweleza ukweli wote, kwa kuwa mbele ya mgeni ukweli ni rahisi. Fundi akaurudisha mfumo wa zamani.

Jumamosi asubuhi, njiani, kompyuta ndani ya shuka mapajani, alirudiarudia maneno. Mama, nilikosea. Mama, mashine haikuwa na kosa. Aliyasema midomo ikicheza mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Alikuta gari la mnunuzi limeshafika. Mnunuzi yuko karakana anazunguka meza, shemeji anatafuta kamba, mkewe na majirani wawili wamesimama mlangoni, na Mama ameketi kwenye kochi anashona koti, mengine machache ya mwisho yamebaki mezani. Mtaalamu akaomba wangoje kidogo. Akaweka kompyuta mahali pake, akachomeka ule waya mweusi, akatega koti moja chini ya sindano, akafungua nembo, akabonyeza. Sindano ikaguna. Kisha ikaanza kukimbia, na uzi wa dhahabu ukaanza kuandika jina la chuo.

"Mtaalamu huyo!" shemeji alipaza sauti. "Amefufua maiti!"

Majirani wakapiga makofi. Mkewe akamshika mkono, macho yamemlowa. Mnunuzi akauliza, kwa uchungu wa biashara iliyoponyoka, ilikuwa na nini. Na Mtaalamu, aliyekuwa na maneno yake yote tayari kinywani, akajisikia anajibu:

"Ilikuwa imekaza ndani tu. Nimeilegeza."

Alivaa kilemba cha ukoka mchana kweupe, na alikivaa mwenyewe. Gari likaondoka. Wakawa wanamsifu, naye anatabasamu, na tabasamu linamuuma mashavu.

Mama mkwe akasimama. Akaenda kwenye kopo la vifungo, akapekuapekua, akatoa kitu, akaja akamtia Mtaalamu kiganjani na kukifumba kiganja kwa vidole vyake vyenye plasta. Waliokuwepo walidhani amempa leso ajifute jasho. Jirani mmoja hata alisema, mama mkwe wa hivi hapatikani siku hizi.

Mtaalamu akafumbua kiganja kidogo. Kilikuwa kile kipande cha buluu, ukingo umepindwa, selotepu mpya imeshakatwa na kubandikwa pembeni tayari. Mama alikuwa amerudi kuketi. Hakumtazama. Kama angekitia mfukoni, mambo yangeishia hapo, na kesho angeendelea kuitwa jina lake.

Hakukitia mfukoni.

"Cherehani haikuwa mbovu," alisema. "Haikuwahi kuwa mbovu. Ni mimi niliyeiharibu kompyuta siku ile ya sasisho. Nikajua jioni ya pili. Nikasema uongo, na sasa hivi nimesema mwingine."

Makofi yalikatika. Mkewe akauachia mkono wake, polepole, na hilo lilimuuma kuliko kicheko ambacho shemeji alikuwa anakimeza. Majirani wakakumbuka wana kitu jikoni. Mtaalamu alikosa pa kuweka uso, akautazama ule uzi wa dhahabu.

"Ulijua, Mama?"

"Aliyeniuzia cherehani aliniambia, ukilibonyeza tangazo hili, hawa wawili, kompyuta na cherehani, hawatajuana tena," Mama alisema. "Ndiyo maana nikalifunika."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Mbele ya watu? Ningekuvua nguo." Alikata uzi kwa meno. "Na uliponiambia mota, nikangoja. Nikasema atarudi aniambie tukiwa wawili. Ukawa unakuja, unasalimia, unaondoka. Basi nikajisemea, kumbe heshima ya mkwe wangu bei yake ni cherehani. Nikamwambia mwanangu atafute mnunuzi."

Sindano ilifika mwisho wa jina, ikasimama yenyewe kungoja koti jingine. Mama akalitoa lile lililokamilika, akalikagua kwenye mwanga, akalikunja. Kwenye pembe ya skrini, tangazo lilikuwa limeshatokea tena, linaomba ruhusa.

Mtaalamu akainama mbele ya kompyuta, akakibandika kitambaa. Kikakaa upande. Akakibandua, akaanza upya.

"Bana vizuri hapo chini, baba," Mama alimwambia. "Huwa panabanduka."